Mbao Mbili, Bahari Moja

Mwezi wa Juni, wakati kahawa ya robusta imeanikwa majamvini mbele ya nyumba kuanzia Kayanga hadi Nkwenda, na harufu yake ya tunda lililoiva imeenea hata barabarani, mtu wa Karagwe au Kyerwa huwa na mengi ya kuhesabu: magunia, deni la dukani, ada za shule, na mara chache sana, kama mwaka ule ninaotaka kuusimulia, huhesabu pia, kwa siri, kama atendaye jambo la anasa, nauli ya kwenda baharini na kurudi.

Walionitia katika hesabu hiyo walikuwa wawili. Wa kwanza ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana aliyeajiriwa Mwanza, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akijifunza mchezo wa ubao wa tanga, yaani ubao mpana wenye mlingoti na tanga moja, ambao mpandaji wake husimama wima na kulishika tanga kwa mikono yake miwili, asiwe na usukani wa kuongozea ila uzito wa mwili wake mwenyewe. Wa pili ni binti yangu, aliyeyaona katika televisheni mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2024, ambayo sehemu yake ya mawimbi haikufanyika Paris bali Teahupo'o, katika kisiwa cha Tahiti, na tangu siku ile hakuwa na neno jingine ila ubao wa mawimbi, ule usio na tanga, ambao mtu huulalia kifudifudi akapiga maji kwa mikono, na wimbi linapomfikia akainuka na kuteleza nalo mpaka linapokufa.

Mbao hizi mbili, ijapokuwa asiyezijua huzidhani ndugu, zina matakwa yanayogombana. Mwenye tanga huamka akitazama minazi: makuti yakiwa yametulia, siku yake imekwisha kabla haijaanza, na yakiwa yamelala upande mmoja yakilia, roho yake huburudika. Mwenye kujifunza mawimbi hutaka kinyume chake: hewa tulivu, maji laini, wimbi dogo lililokwisha kuvunjika mbali likabaki povu lisilopita kiuno, na chini ya miguu yake mchanga, si jiwe, kwani upepo ukizidi huukatakata uso wa maji ukawa vijiwimbi visivyo na mwelekeo, na mtu huyo hajajua kusimama juu ya ubao katika utulivu, sembuse katika fujo. Alhasili, siku iliyo njema kwa mmoja aghalabu ni mbaya kwa mwenziwe, na mzazi anayewapeleka wote wawili kisiwa kimoja, kwa likizo moja, bila ya kulipima jambo hili mapema, atarudi na mtoto mmoja aliyefurahi na mmoja aliyekaa barazani siku kumi.

Majirani walinihoji kwa nini twende mbali kiasi hicho ilhali Mungu ametupa Ziwa Viktoria, ambalo Wahaya huliita Lweru, na visiwa vyake, na Musira hicho kinachoonekana waziwazi kutoka ufukoni Bukoba. Swali lao lilikuwa la haki. Ziwa lina upepo, na upepo wake una nidhamu, kwani usiku hutoka nchi kavu ukaenda ziwani, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa mwenye tanga hilo latosha, na huko ndiko kijana wangu alikojifunzia. Lakini ziwa halina mawimbi ya mbali. Wimbi alilolitaka binti yangu huzaliwa na dhoruba zilizo maelfu ya kilomita kusini mwa Bahari ya Hindi, likasafiri siku nyingi likijipanga njiani, mpaka likafika pwani limekuwa mstari mrefu unaofuatwa na mwingine, na kati yao nafasi ya kuvuta pumzi. Wimbi la ziwa huzaliwa papa hapa na upepo wa leo, fupi, kali, lililosongamana na wenzake. Fauka ya hayo liko suala la kichocho, ambalo mzazi hana idhini ya kulisahau. Na maji yetu wenyewe, ziwa Rwakajunju na mto Kagera upitao Murongo, ni makao ya viboko na mamba, mazuri kwa kutazamwa katika hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, ambazo tangu mwaka 2019 ni hifadhi za taifa, si kwa kuogelea.

Nilikosea mara moja kabla ya kupata. Mwaka 2024, baada tu ya Pasaka, mimi na kijana wangu tulikwenda Unguja kwa ushauri wa wakala mmoja aliyetuhakikishia kuwa nyumba za wageni mwezi wa Aprili hukodishwa kwa nusu ya bei ya Agosti. Bei ilikuwa nusu kweli. Hakutuambia, wala sisi hatukuuliza, kwamba Aprili ni maleleji, kipindi ambacho kaskazi imekwisha kufa na kusi haijazaliwa, pepo zikayumba kama mtu asiyejua aendako, na mvua ya masika ikanyesha mchana kutwa. Kijana alikaa siku tisa na tanga lake la kukodi limeegemezwa ukutani. Faida tuliyorudi nayo ilikuwa moja, nayo iliizidi hasara: tulijuana na mvuvi mzee wa Jambiani, ambaye jioni baada ya jioni, chini ya banda lake la makuti, aliniketisha na kunifundisha namna ya kuisoma bahari, taratibu, kama mwalimu amfundishaye mtoto alifu na be.

Somo lake la kwanza lilikuwa la pepo. Mwaka wa pwani, alisema, una pepo mbili na nyufa mbili kati yake. Kaskazi hushika Desemba ikavuma mpaka Februari au mwanzo wa Machi, nayo ni pepo ya joto na anga safi, ile iliyokuwa ikileta majahazi ya Maskati na Bara Hindi. Kusi huanza masika yakiishia, ikapata nguvu zake Juni, Julai na Agosti, pepo ya ubaridi yenye mkono mzito, ile iliyokuwa ikiyarudisha majahazi hayo kwao. Na kati ya pepo hizo mna maleleji mara mbili, ya Aprili na ya Novemba. Mabaharia wa zamani waliuhesabu mwaka huo kwa miongo, kumi kumi za siku, wakianzia Siku ya Mwaka, na kwa hesabu hiyo wakajua lini kutweka na lini kuvipandisha vyombo pwani. Mimi mkulima wa kahawa, nilipoyasikia hayo, nilistaajabu jinsi hesabu yao inavyolingana na yetu: kusi ina nguvu wakati sisi tunavuna na fedha zimeanza kuingia, kaskazi huvuma wakati watoto wamefunga shule kwa Desemba, na maleleji ya Novemba huangukia msimu wa senene, ambapo mtu wa Kagera hana sababu ya kutaka kuwa mahali pengine.

Somo la pili lilikuwa la mwezi, na hilo ndilo lililoamua ugomvi wa mbao mbili. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuko, na kati ya mwamba na mchanga mna maji mapana yasiyo na kina, ambayo bahari huyajaza na kuyaondoa mara mbili kila mchana na usiku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, tofauti ya maji makuu na maji madogo hufikia kama mita nne, na bahari ikipwa mtu hutembea kwa miguu kuelekea mwambani, pakawa hapana pa kuweka ubao wa namna yoyote. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Hayo ameyasikia kila aliyefika pwani. Ambalo mimi sikuwa nimelisikia ni saa zake. Katika bamvua za Unguja maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne, asubuhi na usiku; kisha kila siku huchelewa kama dakika hamsini, hata baada ya juma moja, mwezi ukiwa nusu, mambo huwa yamegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, yakapwa saa kumi alasiri.

Tia sasa upepo katika hesabu hiyo. Kusi aghalabu huamka polepole. Asubuhi mkono wake ni mwepesi, na adhuhuri ikipita hukaza. Basi siku za maji mafu, maji yakiwa yamejaa saa nne ya asubuhi na upepo haujakaza, ndizo siku za mwanafunzi wa mawimbi: wimbi la mbali huvunjika mwambani likaacha huko ukali wake wote, na masalio yake huvuka maji yale mapana na kufika mchangani yakiwa povu la magotini, ambalo kwa mtu anayejifunza kuinuka latosha kabisa. Na siku za bamvua, maji yakijaa saa kumi ya alasiri wakati kusi imeshika barabara, ndizo siku za tanga. Mwenye siku kumi za likizo, akizianza siku moja au mbili kabla ya mwezi nusu na kuzimaliza bamvua inapofika, atakuwa amewapa watoto wote wawili haki yao, bila ya kuongeza hata shilingi. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi haliandikwi katika vitabu vidogo wanavyogawiwa wageni, ambavyo vimejaa picha za vitanda.

Mwaka uliofuata tukafungua kalenda. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa Julai 18, 2025, na mwezi mpya ulikuwa Julai 24. Tukaazimia kufika tarehe 16 na kuondoka tarehe 26.

Safari yenyewe sitairefusha, kwa kuwa kila mtu wa kwetu anaijua: basi kutoka Karagwe, mchana na usiku, hadi Dodoma, kutoka huko treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, kisha boti ya mwendo wa kasi, saa mbili hivi, hadi bandari ya Malindi huko Unguja, na kitambulisho mkononi. Njiani nilikuwa nikiwasimulia watoto kwamba watu wa pwani walitutangulia katika njia hii kwa upande wa pili, kwani wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kufungua kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, wakinunua pembe za ndovu. Na misafara yao ilichukua miezi katika mwendo ambao sisi tuliulalamikia kwa kuvimba miguu siku mbili.

Nilichagua mashariki, Paje, na sikuchagua kwa sifa ya mji. Mabaharia wana maneno mawili ambayo mpanga likizo hana budi kuyajua: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande upepo unakokwenda. Kusi inatoka kusini-mashariki. Aliye pwani ya mashariki huwa upepo unampata kutoka baharini kwa mshazari, kwa hivyo tanga likimshinda, mkono ukimlegea, kamba ikimkatikia, pepo ile ile iliyomwangusha humrudisha mchangani. Aliye pwani ya magharibi mambo yake ni kinyume: kusi humtoa nchini ikampeleka mkondoni, na maji ya pale pwani yanayong'aa kama kioo humdanganya, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeyakinga. Nungwi na Kendwa ni pazuri kwa kuogelea na kwa kutazama jua likitua. Kumpeleka huko mwanafunzi wa tanga wakati wa kusi ni kumtafutia msiba.

Paje si ya mbao za tanga peke yake, na anayekwenda ajue hivyo. Kwa miaka mingi sasa imetawaliwa na mchezo wa kaiti, ambao mpandaji huvutwa na mwavuli mkubwa wa kitambaa ulio juu angani kwa nyuzi ndefu, na saa za alasiri nyuzi hizo huwa nyingi mno pale katikati ya ufuko, hata mwenye tanga asipate njia. Dawa yake ni kwenda kando, kuelekea Jambiani. Vyombo tulikodi huko huko, maana hakuna basi litakalokubali mlingoti, na nilimsisitizia binti yangu jambo ambalo vijana hulikataa kwa fahari: mwanafunzi na achukue ubao mkubwa, mnene, laini juu, wa futi nane au tisa, wala asiudharau kwa kuwa si ule wa mabingwa. Wimbi la mwambani, lile kubwa na zuri lisikikalo usiku kama ngoma ya mbali, huendewa kwa mashua na wenye ujuzi, kwa kuwa chini yake mna matumbawe makali kama visu. Mwanafunzi hana kazi huko.

Na maji yale mapana si mali ya wageni. Ni mashamba. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wamekuwa wakilima mwani humo, wakikaza kamba juu ya vigingi, na kila bahari ikipwa utawaona wameinama, nguo zimelowa hadi kiunoni, wakifunga mbegu moja moja. Ubao ukipita juu ya kamba hizo hukata kazi ya majuma. Sisi watu wa kahawa, ambao punje zetu za kutafuna tunaziita akamwani, tulipata kitu cha kuongea na kina mama wale, akamwani kwa mwani, zao la mlimani kwa zao la baharini, yote mawili yakipimwa kwa mizani ya mtu mwingine, na binti yangu akapita asubuhi ya kwanza akiulizia mipaka ya mashamba yao kabla ya kutia ubao majini. Kijijini alijifunga kanga. Ufukoni alivaa nguo ya kuogelea ya kumsitiri mwili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa mgeni wa watu.

Sasa nifikie lile ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko pepo na mwezi. Sisi wa Kagera hatujui kuogelea. Tunaishi kati ya ziwa lililo la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi na mto unaolilisha, na wengi wetu tukitiwa majini tunazama kama mawe. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakisha mwendo mfupi tu kufika Mwanza, na mamia kwa mamia ya watu wetu wakaondoka. Kaka yangu alikuwa humo, na mwanawe alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Kwa miaka mingi katika nyumba yetu maji yalikuwa neno la kunong'onwa. Kijana yule aliponiambia, akiwa mtu mzima, kwamba amejiunga na wenye mbao za tanga, sikulala usiku ule. Kisha akanieleza kuwa sharti la kwanza alilopewa, kabla hajagusa tanga, lilikuwa kuogelea mita mia bila ya kushika kitu, na kwamba alilitimiza baada ya miezi mitano. Tangu hapo nimeamini kuwa likizo ya mbao, kwa watu kama sisi, si anasa. Ndiyo shule tuliyoikosa. Waunguja nao wanalijua hilo kwa gharama ile ile: meli ya Spice Islander I iliwazamia Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 18, 2012, katika kusi kali, na huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yao ya stara, jambo ambalo ningetamani kuliona ufukoni Bukoba nikiwa hai.

Ilitukia kwamba siku ya tatu ya likizo yetu ilikuwa Julai 18. Mzee wa Jambiani alinikumbusha, kwa sauti ndogo, asubuhi tulipokaa kumtazama binti yangu. Maji yalikuwa yamejaa, hayana haraka, na mwalimu wake, kijana wa Paje, amesimama kiunoni akiushika ubao kwa nyuma. Alianguka mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Mzee akasema, "Mwache aanguke, bwana. Anajua sasa maji yanamwinua." Na kama saa nne na nusu akainuka, magoti yamekunjwa, mikono imetanda kama ya mtu avukaye daraja la mti mmoja, akaja nalo povu lile mpaka ubao ukagusa mchanga, akabaki amesimama juu yake katika maji ya kifundo cha mguu, hataki kushuka.

Siku zikasogea na maji yakasogea nazo, kama tulivyoahidiwa. Tarehe 22 zamu ikaanza kumgeukia kijana. Tulishuka Makunduchi, kijiji cha Mwaka Kogwa, sherehe ya kuuogesha mwaka wa jua wa Kishirazi, ndiyo ile Siku ya Mwaka ambayo miongo ya mabaharia huanzia, na huko moshi wa majikoni ulilala upande wa kaskazini-magharibi, mwembamba na mrefu, nikajua pasipo kuambiwa kuwa kusi iko kazini.

Alasiri ya mwisho ilikuwa ya bamvua. Maji yalikuwa yamepanda hadi mizizi ya minazi, ya kijani karibu, ya buluu nzito mwambani. Kijana aliingia na tanga lake, akalilaza, akalipata, akaondoka kuelekea mwambani akibisha upepo kwa upogo, na alipofika mahali maji yanapobadilika rangi aligeuza, tanga likapita juu ya kichwa chake, akaanza kurudi. Binti yangu akanishika mkono. "Baba, njoo na wewe." Nina umri wa miaka sitini na miwili na sikuwa nimewahi kuingia katika maji yanayopita goti. Tukaingia mpaka kifuani, akanilaza juu ya ubao wake mkubwa kama alazwavyo mtoto mgongoni, akanishika, na mimi nikiwa nimeelea hivyo, chumvi mdomoni, nikalitazama tanga lile la kijana likienda na kurudi. Nilihesabu mara saba, na kila liliporudi nililitaja jina la kaka yangu kimyakimya. Mara ya nane jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi na maji yameanza kupwa, kijana akaja akikokota ubao mchangani, akatetemeka kidogo kwa upepo, akauliza, "Baba mdogo, akamwani imebaki?"